Kikabati cha kando ya kitanda chenye taa na chaji zisizoonekana

Samani ya chumba cha kulala ikishatiwa umeme, swali la kuipima ni moja: saa nane usiku, mtu akiwa nusu usingizini, inamtaka afanye lolote? Ikimlazimu apapase swichi, asome skrini au ageuze uso kukwepa nukta ya bluu inayomulika gizani, imeshindwa kazi yake, hata kama imetengenezwa kwa mninga mtupu. Kikabati kinachoelezwa hapa kina kazi mbili tu za umeme. Kinatoa mwanga hafifu sakafuni miguu ikishuka kitandani, na kinachaji simu ndani ya droo. Spika, saa ya namba, chaji ya juu ya meza na taa za rangi saba tumeziacha kwa makusudi.

Mwaka 1995 Mark Weiser na John Seely Brown, watafiti wa maabara ya Xerox PARC huko California, waliliita jambo hili teknolojia tulivu. Mfano wao ulikuwa kamba ya plastiki ya futi 8, kazi ya msanii Natalie Jeremijenko, iliyoning'inizwa darini kwenye mota ndogo iliyounganishwa na waya wa mtandao wa ofisi. Mtandao ukiwa na kazi nyingi kamba ilizunguka kwa kasi na kuvuma. Ukipoa, ilitikisika kidogo tu. Aliyetaka kujua hali aliinua macho. Asiyetaka aliendelea na shughuli zake. Kikabati nacho kiwe hivyo: kipo, kinafanya kazi, hakidai kutazamwa.

Kuna kanuni nyingine ambayo mafundi wengi huikumbuka wakishachelewa. Mbao nzuri huvuka miongo, lakini adapta, kihisi na kebo ya chaji hufa ndani ya miaka michache, au hupitwa na wakati. Ukivigandisha vifaa hivyo ndani ya mbao kwa gundi, umeipa samani yako umri wa kebo. Kwa hiyo kila chenye waya kitakaa kwenye kibao kimoja kinachotoka kizima kwa kufungua skrubu mbili.

Pima kitanda kabla ya kugusa mbao

Pima kutoka sakafuni hadi juu ya godoro mtu akiwa amelala, kwa sababu godoro la sponji hubonyea. Uso wa kikabati uwe sawa na kimo hicho au ukizidi kwa sm 2 hadi 5. Ukiwa chini zaidi, mkono huitafuta glasi gizani na kuiangusha. Ukiwa juu zaidi, kona inakaa usawa wa uso wa mlalaji. Godoro likiishia sm 55, tengeneza kikabati cha sm 58, na vipimo vyote vya hapa ni vya hicho.

Ubao wa juu ni sm 45 kwa 38, unene sm 2.2. Kiwiliwili ni sm 42 kwa upana na 36 kwa kina. Miguu ni minne, ya sm 4 kwa 4, urefu sm 55.8. Nafasi ya droo mbele ni sm 34 kwa 12. Chini yake kuna rafu ya wazi ya vitabu, na ubao wa rafu hiyo uwe sm 18 kutoka sakafuni.

Angalia kina cha droo, maana hapo ndipo siri ilipo. Kiwiliwili kina sm 36, lakini droo ina sm 25 tu, pamoja na uso wake. Ukitoa unene wa ubao wa nyuma zinabaki karibu sm 10. Hicho ndicho chumba cha umeme, na mtu anayefungua droo hawezi kujua kwamba kipo.

Mbao na namna zinavyotembea

Mninga unafaa kuliko mbao nyingi kwa sababu hausinyai wala kupanuka sana majira yakibadilika, na rangi yake ya kahawia yenye wekundu hupokea mwanga wa njano vizuri. Mtiki nao ni mzuri. Paina ikiwa imekauka sawasawa inatosha kabisa kwa miguu, fremu na droo, kisha ukatumia mninga kwa ubao wa juu na uso wa droo tu. Weupe wa mninga, yaani sehemu ya nje iliyopauka, ukate wote, kwa kuwa wadudu watoboao mbao huanzia hapo. Vumbi lake huwasha pua na kifua, kwa hiyo vaa barakoa unapopiga msasa.

Mbao hupanuka kwa upana, kukatiza nyuzi. Kwa urefu haisogei kwa kiasi cha kukusumbua. Ubavu wa droo, ambao nyuzi zake zinalala kutoka mbele kwenda nyuma, utavimba kwenda juu wakati wa masika na kukwama kwenye fremu. Ndiyo maana pembeni unaacha mm 1 kila upande, lakini juu unaacha mm 3. Fundi wa Mwanza au Nairobi anayetengeneza samani itakayokwenda kukaa Tanga au Mombasa aache hizo mm 3 bila kubana, kwa kuwa hewa ya pwani ina unyevu mwingi.

Ubao wa juu usiugundishe kwenye fremu. Ufunge kwa skrubu kutoka chini kupitia matundu marefu, mm 5 kwa 10, yaliyochongwa kukatiza nyuzi, ili ubao wa sm 38 upate nafasi ya kusogea milimita moja au mbili. Ukiugundisha utapasuka katikati, na mpasuko huo hauna dawa.

Viungo vya miguu na fremu ni ulimi na tundu, ulimi wa unene wa mm 12 na urefu wa sm 2.5, kwa gundi ya mbao. Ubao wa nyuma ni plaiwudi ya mm 6 inayoshikwa na skrubu nne, bila gundi. Utoboe matundu ya mm 10, sita chini na sita juu, hewa ya baridi iingie chini na ya moto itoke juu. Aliye na mkono wa nakshi anaweza kuchonga nakshi ya matundu mahali hapo. Inapendeza na inafanya kazi ileile.

Droo isitumie reli za chuma. Reli za gololi hukwaruza, na zinataka karibu mm 13 kila upande. Weka vibao viwili vya mbao ngumu, isugue sehemu inayoteleza kwa mshumaa mkavu, na droo itafunguka bila sauti. Badala ya kishikio cha chuma, chonga mfereji chini ya uso wa droo, upana sm 10 na kina mm 12, vidole viingie kwa kupapasa. Kingo zote ambazo mkono au goti litagusa ziviringe kwa mm 6. Chukua kitambaa cha soksi kuukuu na ukipitishe kila mahali: kikikwama, bado kuna kazi ya msasa.

Piga msasa namba 120, kisha 180, kisha 240. Malizia kwa vanishi isiyong'aa, au mafuta ya kitani na juu yake nta ya nyuki. Matambara yenye mafuta ya kitani yatandaze nje yakauke moja moja; yakikunjwa na kurundikwa yanaweza kushika moto yenyewe. Vanishi ya kung'aa haifai hapa kabisa, inageuza uso wa mbao kuwa kioo cha kila taa. Baada ya kupaka, kikabati kikae penye hewa wiki nzima kabla ya kuingia chumba cha kulala, vinginevyo harufu itafukuza usingizi ulioufanyia kazi yote hii.

Umeme: volti 12 tu ndani ya mbao

Umeme wa ukutani wa volti 230 au 240 usiingie ndani ya kikabati hata kidogo. Adapta ibaki kwenye soketi, na kinachoingia ndani ya mbao ni waya wa volti 12. Glasi ikimwagika, au panya akitafuna waya, hatari iliyobaki ni ndogo na fyuzi inaikata.

Vinavyohitajika ni hivi:

- adapta ya volti 12, ampea 2, yenye kizibo cha pini ya duara, na tundu lake la kike
- fyuzi ya ampea 2 na kikasha chake
- mkanda wa taa za LED wa volti 12, taa 60 kwa mita, rangi ya joto ya kelvini 2200 au 2700, sm 30
- ganda la alumini la sm 30 lenye kifuniko cheupe cha maziwa
- kihisi mwendo aina ya HC-SR501
- transista aina ya IRLZ44N, ndiyo swichi ya kuwasha mkanda kwa amri ya kihisi
- rezista za ohm 100 (nusu wati), kilohm 100 na megaohm 1. Kapasita ya mikrofaradi 10, volti 25
- moduli ya chaji ya gari ya kuchomeka USB, inayopokea volti 12 na kutoa volti 5, ampea 2
- waya wa mm² 0.75, mita 2, na konekta za skrubu
- kibao cha plaiwudi ya mm 9, sm 8 kwa 28

Mkanda wa taa 60 kwa mita hukatwa kila baada ya sm 5, kwa hiyo sm 30 ni vipande sita. Kila kipande hula karibu miliampea 20, jumla 120, yaani wati moja na nusu hivi. Mwanga huo unatosha kusomea, na kwa mtu aliyeamka kwenda msalani ni mkali mno. Wengi hukimbilia dima, lakini dima za bei nafuu hupunguza mwanga kwa kuwasha na kuzima taa haraka sana, na wapo watu ambao macho yao huhisi kupepesa huko. Elekeza kamera ya simu kwenye taa ya namna hiyo utaona michirizi. Weka rezista ya ohm 100 kwenye waya chanya wa mkanda: mwanga unashuka hadi karibu moja ya tano, umetulia, na hakuna kinachopepesa. Ukiuona mdogo mno, jaribu ohm 47. Ukiwa bado mkali, 220.

Rangi ya mwanga si suala la urembo peke yake. Chembe za jicho zinazouambia ubongo kwamba kumekucha huitikia zaidi mwanga wa bluu, wa karibu nanomita 480, na taa nyeupe za kelvini 6000 zimejaa bluu hiyo. Ukipata mkanda wa rangi ya kaharabu ni bora zaidi, kwa kuwa karibu hauna bluu.

Kuunganisha

Chanya kutoka kwenye tundu la adapta ipite kwenye fyuzi kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Baada ya fyuzi igawanyike mara tatu: kwenda kwenye moduli ya chaji, kwenda kwenye kihisi, na kwenda kwenye mkanda kupitia ile rezista ya ohm 100. Hasi ya chaji na ya kihisi ziende moja kwa moja kwenye hasi ya adapta. Hasi ya mkanda iende kwenye mguu wa kati wa transista, na mguu wa kulia, ukiitazama transista upande wenye maandishi, uende kwenye hasi ya adapta.

Mguu wa kushoto ndio unaopokea amri. Waya wa kati wa kihisi hutoa volti 3.3 kinapoona mwendo. Upitishe kwenye rezista ya kilohm 100 kisha kwenye mguu huo. Kati ya mguu huo na hasi weka kapasita ya mikrofaradi 10, upande wake hasi ukielekea hasi, pamoja na rezista ya megaohm 1. Kapasita hujaa polepole kupitia kilohm 100, hivyo taa inapanda kwa upole badala ya kuruka usoni. Michoro mingi itakuambia uweke kilohm 10 mahali pa megaohm 1. Usifanye hivyo hapa. Kilohm 10 pamoja na kilohm 100 zitaugawa umeme hadi mguu ubaki na volti 0.3 tu, na taa haitawaka kamwe. Vilevile usibadilishe transista kwa IRF520 kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani; hiyo inataka volti nyingi zaidi ya 3.3 ili kufunguka vizuri.

Panga vyote hivi kwenye kibao cha sm 8 kwa 28, konekta za skrubu zikiwa pembeni. Waya wa taa, wa kihisi na wa chaji ziishie kwenye konekta hizo, kila moja na karatasi yenye jina lake. Atakayekuja kubadilisha kihisi asihitaji chuma cha solda ndani ya kikabati, bali bisibisi tu. Kila kifaa chenye taa yake ndogo, na moduli za chaji karibu zote zinayo, kizibwe kwa tabaka mbili za utepe mweusi.

Mahali pa taa

Ganda la alumini lifungwe kwa skrubu chini ya ubao wa rafu, sm 8 kutoka ukingo wa nyuma, likielekezwa ukutani na si sakafuni. Sababu ni taili. Sakafu ya taili zinazong'aa ni kioo: ukielekeza mkanda chini, mlalaji anaona safu nzima ya nukta za taa ikimwangalia kutoka sakafuni. Mwanga ukigonga ukuta kwanza unarudi laini, na sakafu inaonekana bila taa yenyewe kuonekana. Usitegemee gundi ya mgongoni mwa mkanda kushika kwenye mbao, hasa iliyopakwa mafuta. Joto la Machi likija litauangusha.

Kihisi kikae chini ya rafu, kwenye ukingo wa mbele, kimeinamishwa kidogo kuelekea mahali miguu inaposhukia. Hakioni kupitia mbao wala kioo, kwa hiyo kuba lake jeupe lazima liwe wazi. Toboa tundu la mm 23 kwenye kibao kidogo na ulizungushie bomba fupi la plastiki la sm 2 ili upeo wake uwe mwembamba. Bila bomba hilo kitaona kila mtu anayepita mlangoni. Kikiwa chini ya usawa wa godoro hakioni mtu anapojigeuza, kinaona miguu tu.

Kihisi cha namna hii hutambua tofauti ya joto kati ya mwili na mazingira. Usiku wa joto kali pwani, chumba kinapokaribia nyuzi 32, tofauti hiyo hupungua na kihisi kinafupika macho. Kwa hiyo kirekebishe kione mita 1.5 vizuri, usihangaike na umbali ulioandikwa kwenye karatasi yake. Kina skrubu mbili za kurekebisha: moja ya umbali, nyingine ya muda. Muda uweke karibu sekunde 90, zinazotosha kufika mlangoni. Chandarua kichomekwe chini ya godoro kama kawaida. Kikining'inia hadi sakafuni kinakiziba kihisi.

Umeme ukikatika na kurudi, kihisi hiki huchukua karibu dakika moja kujipanga, na taa inaweza kuwaka yenyewe mara mbili tatu. Hakijaharibika. Kwenye maeneo ambako umeme hukatika mara kwa mara, weka kati ya adapta na kikabati ile betri ndogo ya akiba inayotumika kwa rauta, yenye kutoa volti 12, na ikae nje ya mbao. Usiunge betri ya sola moja kwa moja: ikiwa inachajiwa hupanda hadi volti 14 na zaidi, na kikabati hiki kimepangiwa volti 12.

Droo ya simu

Ampea 2 kwa volti 5 ni chaji ya polepole, na ndiyo inayofaa. Simu yenye betri ya miliampea-saa 5000 hujaa ndani ya saa tatu hivi, usiku bado mrefu, na joto linalotoka ni dogo. Chaji ya kasi ndani ya droo iliyofungwa huchemsha betri. Chaji isiyo na waya ni mbaya zaidi kwa hapa, kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme wake hupotea kama joto, na sarafu au ufunguo ukikaa juu yake unaweza kuchemka.

Sakafu ya droo iwe vibao vya upana wa sm 2 vilivyoachiana mm 8, na ubao wake wa nyuma uwe mfupi kwa sm 3 kuliko mbavu, ili hewa ipite hadi chumba cha nyuma. Juu ya vibao bandika vipande vya mpira laini wa mm 3. Bila mpira, simu ikitetema usiku droo nzima inakuwa ngoma. Kebo ishikwe kwa kibano mgongoni mwa droo na kwa kingine kwenye kibao cha umeme, na kati ya vibano hivyo iwe na sm 35, kwa kuwa droo inasafiri sm 20. Ikiwa fupi, itang'oka siku ya kwanza. Ikiwa ndefu sana, itabanwa na droo ikifungwa.

Jaribu kabla ya kukabidhi. Chaji simu iliyokaribia kuisha, droo ikiwa imefungwa, kwa saa nzima wakati wa mchana wenye joto, na kipimajoto kikiwa kando yake. Kikisoma zaidi ya nyuzi 40, ongeza matundu ya nyuma. Piga kengele ya asubuhi pia, uhakikishe inasikika droo ikiwa imefungwa. Kisha zima taa zote za chumba, lala kitandani dakika kumi hadi macho yazoee giza, na utazame kikabati kutoka kwenye mto. Ukiona mwanga wowote kabla hujashusha mguu, tafuta unakovuja na uuzibe kwa utepe mweusi.